Maombi hayazibi pengo la zamu

Muuguzi akisema amechoka, bosi wake ana jibu tayari mdomoni: kazi hii ni wito. Nimelisikia kwenye vikao vya asubuhi na kwenye mahafali, na linanikera, tena mimi ni mtu wa sala.

Wodi ya wazazi ninakofanya kazi, kabla ya kukabidhiana zamu kuna anayeanzisha pambio, na mwenzetu Mwislamu anafungua viganja na kuomba dua yake. Inasaidia. Usiku ukimpoteza mama, unahitaji pa kuutua mzigo ule, na wengi wetu tunautua kwa Mungu kwa kuwa mwanasaikolojia hatuna. Kikao cha kujadili kifo kitaitishwa, ndiyo. Kitauliza damu iliombwa saa ngapi, daktari aliitwa saa ngapi, partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mzazi, ilijazwa au la. Maswali ya haki kabisa. Ila aliyemshika marehemu mkono hadi mwisho haulizwi kama analala, na jioni yuko zamu tena.

Wananchi wanasema manesi wana roho mbaya. Wapo, sitawatetea. Lakini nimewaona wengine walioanza wakiwa wapole kuliko mimi, wakafika mahali mzazi analia uchungu na wao hata shingo hawageuzi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi wa namna hiyo kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi, na kuona hufanyi la maana. Likauhesabu kuwa jambo linalotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, si ugonjwa. Halikusema ni upungufu wa imani.

Wanaotuletea semina za kututia moyo wangefungua Biblia, Kutoka 18. Musa anaamua mashauri ya watu peke yake, asubuhi hadi jioni. Mkwewe Yethro anamtazama, na hamwambii azidishe kufunga na kuomba. Anamwambia atadhoofika, yeye na watu wake, kisha anampangia ikama, yaani wasaidizi wa kila ngazi: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Mtume Muhammad naye alimkanya sahaba wake Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Dini zote mbili tunazosali wodini zinamruhusu mtu apumzike. Ratiba ya zamu ndiyo inayokataa.

Semina ya mwisho chai ilikuwa nzuri na mchungaji aliongea vizuri, sina neno naye. Usiku uleule tulikuwa wawili kwa wodi nzima.

Mimi ningeanzia hapo: mtu wa tatu usiku, na aliyefiwa na mgonjwa mikononi apewe walau siku moja kabla ya kurudi wodini. Siku hiyo anaweza kwenda kanisani, msikitini, au kulala tu hadi mchana.