Serikali Ikiwa Ndiyo Tajiri Wako, Utaishtaki kwa Nani?

Mjadala wa kutaifisha viwanda ukianza, watu hugawana pande upesi: hawa mali ya umma, wale soko huria. Mimi husubiri nisikie nani atataja mshahara uliokwisha tarehe 15. Mara nyingi simsikii.

Uingereza ilitaifisha migodi ya makaa ya mawe tarehe 1 Januari 1947. Siku hiyo migodini kulisimikwa vibao vya kutangaza kwamba mgodi sasa unaendeshwa na shirika la umma kwa niaba ya wananchi. Mchimbaji akakisoma kibao, akashuka shimoni kama jana yake, na mabosi wengi walikuwa walewale. Sibezi kilichopatikana, wiki ya kazi ya siku 5 ilikuja mwaka huohuo. Lakini kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985 wachimbaji waligoma kupinga kufungwa kwa migodi, na aliyekuwa akiifunga ni shirika lilelile la umma.

Poland ndiyo inayonikaa zaidi kichwani. Agosti 1980, kwenye kiwanda cha serikali cha kuunda meli cha Gdańsk, kilichopewa jina la Lenin, mwendesha kreni Anna Walentynowicz alifukuzwa kazi ikiwa imebaki miezi michache tu astaafu. Mwezi mmoja kabla, bei ya nyama ilikuwa imepandishwa. Wenzake wakaweka zana chini. Walitoa madai 21, na la kwanza halikuwa nyongeza ya mshahara, bali chama cha wafanyakazi kisicho mkononi mwa chama tawala wala mwajiri. Chini zaidi kwenye orodha waliomba kadi za mgawo wa nyama. Kadi za nyama, katika dola iliyojiita ya wafanyakazi!

Simsafishi tajiri binafsi. Yeye humweka mtu kibarua miaka kumi, na saa za ziada hazilipi. Ila huyo, angalau kwa sheria, unaweza kumpeleka kwa mkaguzi wa kazi, ukamburuza mahakamani. Mwenye kiwanda akiwa serikali, mkaguzi, askari anayezima mgomo na meneja wako wote wanalipwa kwenye dirisha moja.

Kwa hiyo nikiambiwa kiwanda fulani kimetaifishwa, au kimebinafsishwa, nauliza kitu kimoja tu: fundi akikatwa mshahara Ijumaa, Jumatatu anabisha hodi mlango gani?