Mbuzi wa watu na bustani yangu

Hivi jamani, ni mimi tu hapa Mtwara au na nyie mnateseka? Huku kusini mvua yetu ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, afu ikianza nyasi zinaota kama zimelipwa, unafyeka Jumamosi, Jumatano kwanja tena mkononi, mgongo umepinda utadhani nashinda nabangua korosho. Na ndago je? Ukoka nimeununua, nimeupanda kwa mikono yangu hii, unasuasua. Ndago hakuna aliyeialika ila ndo inanenepa! Unang'oa majani, kumbe kiazi chake kimebaki chini huko kinakucheka.

Haya, mvua ikakata. Mchanga wetu huu unajua ulivyo, unamwagilia alfajiri, saa nne pakavu kama hujawahi kupita, bomba nalo linatoka likijisikia, basi nanunua maji ya madumu. Ya kumwagia mchicha! Afu nani anafaidi? Mbuzi. Mbuzi wa watu, hana kamba, hana aibu, kaacha pori lote la Mungu anakuja kula mchicha wa maji ya kununua. Ukimwambia mwenyewe anakujibu taratibu, "Aa dada, huyo si mnyama tu, hana akili." Hana akili? Mbona geti langu anafungua?

Juzi nikaamua, nikazungushia makuti bustani nzima, hela imenitoka, nikalala kwa amani. Asubuhi natoka nakuta kala na makuti.