Nusu ya Pili ya Tiketi

Mama watoto ana ugomvi na kopo langu la maziwa ya unga. Kila akifagia hulisukuma kwa ufagio kama anamfukuza paka, kisha husema kwa sauti ya kunifikia mie huku barazani: "Wenzetu wanaweka dhahabu ndani, sisi twaweka taka."

Taka! Mle mna vipande vya tiketi za mpira nilivyoanza kuweka tangu kijana. Cha zamani kabisa ni cha uwanja wa Amaan, hapa Zanzibar, 1992, fainali ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati, Simba na Yanga wamevuka bahari kuja kumalizana kwetu. Rangi yake hata huijui tena, kama chai ya maziwa iliyolala. Mende wamekula tarehe, bei wameiacha. Kuna doa la urojo pembeni, na doa lile nalijua, nilimwagikiwa penalti zilipoanza. Mechi iliisha 1-1, kisha penalti Simba 5-4. Mie Yanga. Nilirudi nyumbani Kikwajuni kwa miguu, nikala wali bila kujua ni wa nini.

Sasa sikilizeni. Tiketi ile mzee wa mlangoni aliichana kati, nusu yangu, nusu yake. Yangu imeona tumefungwa. Je, ile nusu yake iliona nini? Nani anajua? Mie nasema huko iliko Yanga walipata penalti zote, na mie nilirudi Kikwajuni nimebebwa mabegani.

Niliitoa nadharia hii kwenye kahawa. Muuza kahawa akaweka birika chini, akanitazama, akaniuliza: "Yakhe, leo umekula?" Huyo ndiye aliyekuwa na adabu. Wengine walicheka mpaka kashata zikawapalia.

Lakini wote walinyamaza nilipofika Machakos. Desemba 2017, fainali ya CECAFA, kombe la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar Heroes yetu na Kenya kwao. Wametutangulia, tumesawazisha dakika zinaishia. Muda wa nyongeza wametutangulia tena, tumesawazisha tena, 2-2. Penalti, 3-2, wao. Mie Machakos sikwenda, nauli ningeitoa wapi, niliangalia kwenye TV ya jirani nimesimama dirishani. Lakini kopo haliwezi kuikosa mechi ile. Nikakata kipande cha boksi la dawa ya mbu, nikaandika MACHAKOS kwa biki, nikakichana kati mwenyewe. Nusu nikaweka, nusu nikaenda kuitupa baharini pale Forodhani. Kwa hiyo huko baharini kombe ni letu, la pili, baada ya lile la 1995 tulilowatoa nalo Uganda nyumbani kwao. Samaki wa Forodhani wanashangilia mpaka leo, ndiyo maana hawavuliki.

Na mwaka ule ule, msinikumbushe. Machi CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wametupokea, mwanachama wa 55, watu wamepiga honi Darajani. Julai wametutoa, ati sisi si nchi huru. Miezi minne! Hata godoro la harusi huwa halijabonyea. Nusu ya pili ya karatasi ile ya uanachama sijui ipo wapi, ningeipata ningeigundisha kwa ubani, kwa uji, kwa chochote. Huko tunacheza kufuzu AFCON kwa jina letu, wenye vibanda vya jezi wamejenga ghorofa, na mie nina kopo la pili.

Kopo la pili lenyewe sasa silihitaji. Siku hizi uwanjani unagusisha kadi kwenye mashine, inalia ti, umeingia. Januari 2024 Mlandege, klabu ya kwetu, kamfunga Simba 1-0 fainali ya Kombe la Mapinduzi, Amaan mpya inang'aa, nimeruka mpaka kandambili moja imepotea, halafu nimerudi nyumbani na nini? Na ti. Nitaiweka vipi ti kwenye kopo? Nilimwomba kijana wa mlangoni anipe japo kikaratasi chochote anichanie. Akamwita askari.

Basi juzi mama watoto akaja kukaa karibu yangu, jambo ambalo peke yake lingenishtua. Akalichukua kopo, akakitoa kile cha 1992, akakigeuzageuza kwa upole. Nikajisemea, kaelewa huyu. Akaniuliza: "Huko kwenye nusu ya pili, Yanga kashinda?"

"Kashinda."

"Na wewe umebebwa mabegani."

"Mpaka Kikwajuni."

"Na umemuoa nani?"

Miaka yote hii naipanga upya historia ya mpira, swali lile halijanipitia hata siku moja. Nilitakiwa niseme "wewe" pale pale. Nilisema, lakini baada ya kufikiri. Nimelala ukumbini siku ya tatu leo, kichwa juu ya kopo.