Ulikuwa Dodoma Kufanya Nini?

Juzi kijana mmoja wa redio kanipigia simu. Anapelekwa Dodoma kwa mara ya kwanza, Bunge la bajeti, na kaambiwa mimi ni mkongwe wa mjengoni. Nikakaa vizuri, nikajiandaa kumwaga hekima. Swali lake la kwanza: "Kaka, ni wabunge gani wana vituko, niwe nawarekodi?"

Nilikasirika. Halafu, simu ikiwa bado sikioni, nikakumbuka kuwa nilipofika kule mimi mwenyewe niliuliza swali hilohilo, tofauti ni kwamba mkononi nilikuwa na kinasa sauti cha kaseti.

Ukiikamua miaka yangu yote ya kuandika habari za Bunge, vitadondoka vitenzi vitano: alipuka, awaka, ang'aka, amvaa, atishia. Mbunge alipuka. Mbunge amvaa waziri. Mbunge atishia kushika shilingi, yaani kuzuia shilingi ya mshahara wa waziri mpaka ajibiwe. Hii ya shilingi naipenda kuliko zote, maana shilingi inashikwa, kelele zinapigwa, kisha mheshimiwa anairudisha kwa unyenyekevu mkubwa na waziri anaondoka na bajeti yake. Habari ya kushika inakaa ukurasa wa mbele. Ya kurudisha sikumbuki kama niliwahi kuiandika.

Na wakati huo sheria inatungwa. Haitungwi kwa kelele, ndugu zangu. Kaa siku moja Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, inapopitia muswada. Katibu anataja ibara moja baada ya nyingine kama mwalimu anayeita majina darasani, wabunge wanahojiwa, ndiyo, imepita, inayofuata. Ukifungua Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, utaukuta mstari uleule kurasa kwa kurasa, kwamba ibara iliyotajwa ilipitishwa "bila mabadiliko yoyote". Muda huo viti vya waandishi viko wazi. Habari tumeshatuma, tuko nje tunakunywa chai na mheshimiwa aliyelipuka asubuhi. (Na bahasha, ndiyo. Hiyo nitaiandikia siku nitakayopata ujasiri.)

Afadhali hata muswada wenye jambo moja. Kuna huu wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambao jina lake tu linakubembeleza usiusome. Humo zinaguswa sheria chungu nzima kwa mpigo: hapa neno limefutwa, pale kifungu kidogo kimeongezwa, na kama huna mezani sheria mama, ile inayorekebishwa, huwezi kujua kilichoondoka ni nini. Isitoshe, kabla ya marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, miswada ilikuwa inaandikwa kwa Kiingereza na kujadiliwa kwa Kiswahili. Sisi tuliripoti Kiswahili cha waliojadili. Kiingereza cha walioandika tulimwachia Mungu. Mhariri anataka habari kabla ya saa kumi na moja, utasoma saa ngapi? Unamsikiliza mwenye sauti kubwa, basi.

Sasa nije kwenye kidonda changu. Juni 2021, Muswada wa Sheria ya Fedha. Ndani yake kuna tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Hakuna aliyeificha. Waziri aliisoma kwenye hotuba yake ya bajeti, hadharani, meza zikagongwa. Mimi wiki ile niliandika kuhusu wabunge wawili waliorushiana vijembe. Habari nzuri tu, ilisomwa sana, na leo hata sikumbuki walikuwa wanagombania nini.

Julai 15 tozo ikaanza. Mama yangu akaenda kwa wakala kutoa hela niliyomtumia, akanipigia palepale. "Mwanangu, wamenikata nini hiki?" Nikaanza kumweleza, unajua mama, Sheria ya Fedha, Bunge lilipitisha... Akanikatiza. "Kwani wewe si ulikuwa hukohuko Dodoma? Ulikuwa unafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Nchi ikapiga kelele, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Watu wakashangilia kuwa Serikali sikivu. Haya. Lakini kelele ile ilitakiwa Juni, muswada ukiwa bado karatasi, wadau wakiitwa mbele ya Kamati ya Bajeti, na mbunge mmoja akiweza kuleta jedwali lake la marekebisho la ukurasa mmoja. Ili mama yangu apige kelele Juni, ilibidi mtu amwambie Juni. Mtu huyo alilipiwa nauli, chumba na posho akae Dodoma. Mtu huyo alikuwa anaandika vijembe.

Na msidhani tunalala kwenye sheria za wengine tu. Novemba 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari, ithibati yetu (kibali cha kufanya kazi ya uandishi), leseni za magazeti yetu, mkate wetu. Wapo wenzetu waliohangaika nayo, wakaomba muda zaidi, nawavulia kofia. Mimi niliisoma ibara kwa ibara baada ya Rais kusaini.

Nakubali, kwa shingo upande, kuwa vituko vina kazi yake. Januari 2016 TBC, televisheni ya taifa, ilipoacha kurusha Bunge moja kwa moja, kwa hoja ya gharama, sisi ndio tukabaki macho ya watu, na mtu haanzi kusoma gazeti kwa ibara ya 14(b). Anaanza na aliyetolewa nje. Sawa. Lakini akishaingia, mkute na kitu ndani.

Kijana nimemtumia muswada mzima na sheria mama yake. Nikamwambia aanzie kwenye majedwali ya nyuma, kule ambako macho huwa yameshachoka. Baada ya saa moja akajibu: "Shukrani sana kaka. Hakuna muhtasari?"