Magari yakihamia Dongo Kundu, nani atamsemea abiria wa miguu wa Likoni?

Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipounganisha pwani ya kusini na Miritini, kuna kauli ninayoisikia kila mara Mombasa: feri ya Likoni, inayovusha watu na magari kati ya kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini, imemaliza kazi yake. Hoja yenyewe inaeleweka upesi. Anayetoka Diani kwenda uwanja wa ndege wa Moi hana haja tena ya kuingia kisiwani. Lori linalotoka Lunga Lunga linakunja Kibundani na kutokea barabara kuu ya Nairobi. Na lile daraja kubwa linalopangwa kwa ufadhili wa Japani likija kusimama juu ya mlango wa bandari, basi vivuko vyote vipelekwe kwingine au viuzwe kama vyuma chakavu. Wanaosema hivi hawana nia mbaya, na mengi wanayoyasema ni kweli. Ila wanaitazama feri kupitia kioo cha gari, na wengi wanaovuka Likoni hawana gari.

Takwimu ambayo imetajwa kwa miaka mingi na wasimamizi wa feri ni kwamba watu zaidi ya 300,000 na magari kama 6,000 huvuka kwa siku. Nambari hizi husomwa harakaharaka, kisha mazungumzo yanarudi kwenye foleni ya magari. Hebu tukae nazo kidogo. Tuseme kila gari lina watu watano ndani, jambo ambalo ni nadra. Hao ni 30,000. Tuwe wakarimu zaidi, tuseme kila gari lina watu 10, yaani kila kinachovuka ni matatu iliyojaa. Tumefika 60,000. Wamebaki 240,000 waliovuka kwa miguu. Katika kila watu watano, wanne walitembea, na hesabu hiyo tumeipindisha kwa makusudi iwafae wenye magari. Kama unaona hizo laki tatu zimetiwa chumvi, zikate nusu, magari yabaki 6,000 na kila moja liwe na watu watano. Jibu ni lile lile, wanne kwa watano. Mtu mmoja huhesabiwa anapokwenda na tena anaporudi, kweli, lakini gari nalo huhesabiwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo chombo tunachokiita kivuko cha magari ni njia ya waenda kwa miguu ambayo magari nayo hupita. Matatu za Ukunda, Kwale na Msambweni huishia Likoni. Abiria anashuka, anateremka hadi gatini, anavuka, kisha anapanda nyingine upande wa kisiwani kwenda mjini, Kongowea au Changamwe. Hata aliyelipa nauli ya matatu huvuka akiwa mtu wa miguu. Pamoja naye wako wafanyakazi wa nyumbani, askari wa zamu, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda Hospitali Kuu ya Pwani, vibarua wa bandarini, na hamali.

Mtazame hamali mmoja wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Sehemu kubwa ya gati iko nje, mteremko umekuwa mkali, na kule chini saruji imelowa na ina utelezi. Hamali hateremki akiusukuma mzigo. Anageuka, anaupa mkokoteni mgongo, anakaza visigino na kuuzuia usimkimbize, huku mwenzake akiushikilia kwa nyuma. Wakifika kwenye bamba la chuma la feri wanakuta ukingo, wanasimama, wanasema moja-mbili-tatu, gurudumu linapanda. Kando yao yupo mama mwenye beseni kichwani na mtoto amemshika kanga, na mzee mwenye mkongojo anayetafuta pa kukanyaga. Wote wamebanana kati ya magurudumu ya mkokoteni na bampa la gari lililo karibu. Ng'ambo ya pili mteremko huo huo ni mlima wa kupandwa.

Nusu kilomita hivi ya maji, basi. Lakini ukiwasikiliza abiria wenyewe, wanachokizungumza zaidi ni kusubiri: kusimama kwenye banda la kungojea bila kujua feri ngapi ziko kazini leo, kuiona moja imesimama katikati ya mkondo kwa sababu meli inaingia Kilindini na meli ina haki ya kupita kwanza, kisha lango kufunguliwa na watu wote kutimka kwa pamoja kwa kuwa hakuna anayejua inayofuata itakuja lini. Msukumano ule unalaumiwa sana. Watu husema Waswahili hatujui kupanga mstari. Mimi naona mtu mwenye uhakika kwamba feri nyingine itafika baada ya dakika chache hana sababu ya kukimbia na kiatu mkononi.

Upande wa pili wa mjadala nao una hoja nzito. Mwenye hoteli Diani amepoteza wageni kwa miaka kwa sababu hakuna aliyeweza kumhakikishia mgeni kwamba ataiwahi ndege. Gari la wagonjwa, hata likipewa nafasi ya kwanza, haliwezi kuivusha feri iliyozima injini. Mwenye lori la matunda anahesabu hasara kila saa anayokaa juani. Vivuko vitatu kati ya vinavyotegemewa, Nyayo, Harambee na Kilindini, vilianza kazi 1990, na chuma kilichokaa ndani ya maji ya chumvi muda wote huo hakiwi kipya kwa kupakwa rangi. Vilivyofuata, Kwale na Likoni mwaka 2010, kisha Jambo kutoka Uturuki mwaka 2017, vilipunguza shida bila kuimaliza. Na hakuna Mkenya aliyesahau tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka MV Harambee na kuzama na mama na binti yake ndani. Ilichukua siku 13 kuwatoa. Baada ya siku zile, anayesema hataki tena kuingiza familia yake na gari juu ya feri ana haki ya kusikilizwa, na Dongo Kundu imempa njia.

Watetezi wa daraja wana mfano mwingine, wa jirani zetu Watanzania. Kati ya Kigongo na Busisi, kwenye Ziwa Victoria, mabasi ya kutoka Mwanza kwenda Geita na Kagera yalikuwa yakipanga foleni kusubiri pantoni. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na safari iliyomeza saa nzima au zaidi ikawa ya dakika chache. Pale daraja lilikuwa jibu, wala silipingi. Ila abiria wa Kigongo kwa kawaida yumo ndani ya basi na safari yake ni ya mamia ya kilomita. Daraja linambeba na basi lake.

Likoni inafanana zaidi na Kigamboni, Dar es Salaam. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Kurasini Aprili 2016, na wenye magari wakapata nafuu. Je, pantoni ya Magogoni iliondoka? Haikuondoka, kwa sababu mtu wa Kigamboni anayefanya kazi Posta bado anapata njia fupi kwa kuvuka maji pale pale, wakati kwa daraja lazima apande gari na kuzunguka. Daraja hujengwa penye nafasi ya kulijenga, na kivuko huwa palipo na watu. Dongo Kundu yetu ina urefu wa kilomita zipatazo 17. Hakuna atakayeitembea kwenda kuuza mboga Marikiti.

Mtetezi wa daraja atasema: atapanda matatu. Sawa, tufanye hesabu yake. Tuseme nauli ya kupitia huko ni shilingi 50 tu, ambayo ni ndogo. Kwenda na kurudi ni 100. Kwa siku 26 za kazi ni 2,600 kwa mwezi, kwa mtu ambaye leo anavuka bure. Kwa mfanyakazi wa nyumbani hiyo ni sehemu ya mshahara inayoonekana kwa macho. Kwa familia yenye wanafunzi wawili wanaosoma kisiwani, ni uamuzi wa nani ataendelea na shule ile na nani atahamishwa.

Hapo ndipo wengine huingiza hoja ya kwamba bure ndiyo iliyoharibu huduma, na abiria wa miguu akitozwa hata shilingi 5 zitapatikana milioni moja na nusu kwa siku. Kwenye karatasi fedha hizo zinavutia. Lakini mkazi wa Kisauni anavuka Daraja la Nyali kwa miguu au kwa gari bila kulipa chochote, na wa Changamwe anapita Makupa vivyo hivyo. Feri ya Likoni ni kipande cha barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga ambacho kimeangukia majini. Sijaona sababu ya mtu wa kusini peke yake kununua haki ya kuingia mjini.

Wapo pia wanaoitaja Mtongwe, kivuko kingine cha Mombasa, kama ushahidi kwamba vivuko ni hatari na vinafaa kuachwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Tunaitaja nambari hii kila mwaka, na mara nyingi tunaishia hapo. Feri ile ilitengenezewa watu 300 na ilikuwa na kama 400. Ilipinduka mita 40 tu kutoka gatini, umbali ambao mtu wa nchi kavu anaweza kumwita mwenzake kwa jina na akaitika. Haikupigwa na dhoruba. Waliokuwamo walikuwa watu wa miguu, wengi wakiwahi kazini asubuhi, na walijaa hivyo kwa sababu ndicho chombo kilichokuwepo. Kilichowaua ni watu kuwa wengi kuliko nafasi. Sasa chukua funzo hilo ulilete Likoni: anayependekeza tupunguze vivuko kwa kuwa magari yamepungua anapendekeza kundi lile lile la watu ligawane nafasi ndogo zaidi. Anairudisha hatari anayodai kuikimbia.

Hili linanitia wasiwasi kuliko yote. Kwa miaka mingi mwenye gari na mwenye miguu walikaa kwenye chombo kimoja. Ada ya magari, pamoja na ruzuku ya serikali, ndiyo iliyowezesha wengine wavuke bure. Na feri ilipoharibika, waliokwama walikuwa pia wenye hoteli, wafanyabiashara na wanasiasa wenye nyumba ng'ambo. Simu zao zilipokelewa. Malalamiko yao yalifika Nairobi siku hiyo hiyo. Dongo Kundu inawaondoa taratibu kwenye foleni, na wakiondoka wanachukua vitu viwili: fedha na sauti. Feri ikibaki ya hamali, mwanafunzi na mama wa mahamri, nani atapiga simu injini ikizima saa 12 jioni?

Tumeshaona dalili. Daraja linaloelea la Liwatoni, lililogharimu shilingi bilioni 1.9 na kukamilika mwishoni mwa 2020 wakati wa Covid-19, lilikuwa la waenda kwa miguu peke yao. Nia ilikuwa njema, na feri zilihitaji kupunguziwa mzigo. Lakini lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 800, mbali na vituo vya matatu, na lilipaswa kufunguliwa meli ilipopita. Mwenye mzigo, mzee na mjamzito walilalamikia umbali. Abiria wa miguu alijengewa kitu bila kuulizwa anashukia wapi na anaelekea wapi.

Mgawanyo wa magari na watu si jambo la kukataa moja kwa moja. Safari za watu peke yao saa za msongamano zingeondoa bampa karibu na beseni la yule mama, na feri isiyopakia magari hujaa na kushusha kwa muda mfupi zaidi. Lakini zinahitaji feri, na feri hizo ndizo zitakazotamaniwa kupelekwa kwingine. Njia ya Mtongwe, ambayo imefunguliwa na kusimamishwa mara kadhaa, ingeipunguzia Likoni maelfu ya watu asubuhi kama ingeachwa ifanye kazi kila siku bila kukatika.

Shughuli za feri sasa ziko chini ya halmashauri ya bandari, KPA, shirika lenye uwezo wa fedha kuliko lile la zamani la feri. Kwa hiyo bajeti ijayo ikisomwa, nitakachokitafuta ni ada ya magari iliyopungua itafidiwa na nini, na vivuko vingapi vitakuwa majini kati ya saa 11 na saa 2 asubuhi. Wabunge wa Likoni, Matuga, Msambweni na Lunga Lunga wadai nambari hizo mbili ziandikwe mapema, kabla kivuko chochote hakijaondolewa gatini.