Filamu inayokataa kumfufua Ruan Lingyu

Filamu za maisha ya wasanii waliokufa vibaya huniudhi kwa sababu zina haraka ya kufika msibani. Kila tabasamu la marehemu linageuzwa dalili ya kifo. Center Stage ya Stanley Kwan, mwongozaji wa Hong Kong, haina pupa hiyo. Inajua kwamba Ruan Lingyu hatumjui vizuri, wala haijidai.

Ruan alikuwa nyota wa Shanghai zama za sinema bubu. Alijiua tarehe 8 Machi 1935, hata miaka 25 hajatimiza. Zhang Damin, mwanamume aliyekwisha kuachana naye, alikuwa amemfungulia kesi, na magazeti yakapata la kuuza. Yalikuwa na kinyongo pia: filamu ya Ruan, New Women, iliwaonyesha waandishi wa habari kama wazabizabina, nao wakadai vipande vikatwe. Humo aliigiza mwanamke anayejiua, mhusika aliyechotwa katika maisha ya Ai Xia, mwigizaji aliyejiua mwaka 1934. Mwongozaji mwingine angeshiba hapo hapo.

Kwan anampa mwigizaji Maggie Cheung nafasi ya Ruan, kisha anamweka mbele ya kamera kama Maggie, wakimjadili marehemu. Wazee waliofanya kazi na Ruan, kama Li Lili, wanahojiwa. Vipande halisi vya filamu zake vinapachikwa. Zilizopotea, tunaambiwa zimepotea.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya shuka. Ruan amemaliza kuigiza kitanda cha mauti katika New Women, lakini amejifunika gubigubi na kilio hakikatiki. Mwongozaji wake, Cai Chusheng, amekaa pembeni, hana la kusema. Mara kamera inarudi nyuma, tunaona mitambo na watu, na Kwan anamkumbusha Tony Leung Ka-fai, anayeigiza Cai, kwamba amesahau kufunua shuka amtazame Maggie. Sasa aliyekuwa akilia ni nani? Cheung alipewa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 1992, na kwa shuka hilo tu ningempa.

Lawama yangu ni moja: wenye magazeti wameponea chupuchupu. Mwandishi Lu Xun aliwasema mwaka huo huo wa 1935, kwamba mbele ya wakubwa magazeti hunywea, ila kwa mtu kama Ruan nguvu wanazo tele. Kwan angewakalisha nao kitini wahojiwe.