Majawabu Matatu ya Mlinganyo Mmoja: Je, Tuyaamini Yote?

Chukua mraba wa upande 1, kingo zake zikiwa na joto 0, na ndani yake kitu kinachozalisha joto kwa kasi zaidi kadiri kinavyopata moto. Weka gridi, yaani nukta zilizopangwa kwa safu, yenye nukta moja tu ya ndani, katikati kabisa. Mlinganyo wa tofauti, yaani ule unaolinganisha joto la nukta na la jirani zake, unabaki 16u = λeᵘ, ambapo u ni joto la nukta hiyo na λ ni nguvu ya uzalishaji. Kwa λ = 1 yapo majawabu mawili: u karibu 0.067 na karibu 4.21. λ ikizidi 16/e, yaani 5.89 hivi, hakuna jawabu. Kwa mraba wenyewe, bila gridi, kikomo hicho cha λ ni karibu 6.81.

Nukta zikiwa mia, mkono hautoshi. Watafiti huugeuza mlinganyo kuwa suala la nishati, na kila jawabu huwa mahali ambapo mteremko ni sifuri. Nishati ikipanda bila kikomo pande zote na kuwa na mabonde mawili, lazima kuwe na kipito cha kuvuka kati yake, na hapo lipo jawabu la tatu. Wazo hilo lilitolewa na wanahisabati Ambrosetti na Rabinowitz mwaka 1973. Mwaka 2000 mwenzao Ricceri akaleta theoremu yake ya nukta tatu, inayotaja masharti ya kuwepo angalau majawabu matatu, ambayo imetumika sana kwenye milinganyo ya gridi.

Faida ya theoremu hiyo ni kubwa. Mbinu ya Newton, inayoanza na kisio na kulirekebisha hatua kwa hatua, hukupa jawabu moja, kutegemea ulipoanzia, na haikuambii kama yapo mengine. Katika mfano wetu jawabu la chini ni tulivu, la juu si tulivu: joto likilivuka, halirudi tena. Mhandisi anayelijua la chini peke yake hajui hatari iko umbali gani.

Lakini mwaka 1981 wanahisabati Peitgen, Saupe na Schmitt walionyesha kuwa gridi inaweza kuzaa majawabu yasiyo na mwenzake kwenye mlinganyo wa asili. Theoremu ya "angalau matatu" haiwezi kuyatenga hayo.

Mimi nayapokea yote pale gridi inapokuwa ndicho kitu chenyewe, kama pikseli za picha au mtandao wa nyaya. Gridi ikisimama badala ya bamba la chuma, kila jawabu lifuatwe: punguza nafasi kati ya nukta kwa nusu, kisha tena, uone kama thamani inatulia. Makala nyingi huishia kwenye idadi, na kazi hiyo wanaachiwa wengine.